Ufuta wa Kutafuna

4 Februari

Wifi yangu,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu nakujua: nikianza kukuuliza jambo, ghafla mtandao unasumbua. Karatasi haina mtandao. Ikunjue, kaa kitako, uisome mpaka mwisho.

Kopo hili ni la Mama. Ndani mna vipande thelathini vya ufuta, mbegu za maboga na karanga, nimevishikisha kwa tende badala ya sukari kama daktari wake alivyoagiza. Nimevioka Jumapili nzima na kuvikata kwa rula ya kazini, kila kimoja sawa na mwenzake. Ni vigumu kama anavyopenda. Mama ni mtu wa kutafuna. Yeye ndiye aliyekuwa akifungua soda za harusi kwa meno wakati watu bado wanatafuta kifungulio. Mwaka jana nilimwambia, "Mama, siku utakaposhindwa na ufuta wangu ndipo nitajua umezeeka," akacheka mpaka akashika ukuta.

Kwenye mfuko wa pembeni kuna vijaluba vya kalamu vya watoto, mfuko wa zana wa mdogo wangu, na vishikio vya sufuria vya jirani yenu muuza mboga. Vyote nimeshona kwa vipande vya mapazia vinavyobaki hapa karakanani.

Sasa jambo lenyewe. Huyo huyo muuza mboga alipita hapa wiki iliyopita kununua pazia. Nikamuuliza Mama anaendeleaje. Akasema, "Mama yako? Hagusi kitu siku hizi ila vile vitonge laini anavyotengenezewa na mkamwana wake. Anavingojea kama mtoto."

Lisemwalo lipo, wifi. Vitonge gani? Tangu lini? Na ufuta wangu anakula nani?

Uniambie pia Mama anakuja lini kukaa kwangu. Chumba kiko tayari tangu Novemba, pazia la maua ya njano limening'inia, kitanda nimekisogeza mbali na upepo. Kila mwezi naambiwa mwezi ujao.

Wifi yako,
Fundi wa Mapazia


11 Februari

Wifi Fundi,

Nimeikunjua, nimekaa kitako, nimeisoma. Niliifungulia mezani kwangu shuleni, kwa hiyo darasa la tatu nao wamesoma karibu nusu. Wanakusalimu.

Ufuta wako unaliwa, ondoa wasiwasi. Kopo halimalizi wiki mbili na hakuna hata chembe inayotupwa, hilo naliapia. Vitonge ni vitu vidogo tu vya kupitishia mchana. Yule muuza mboga akikosa wateja huuza maneno, nawe umenunua fungu zima.

Shali uliyomfumia Mama haimtoki. Hata jua likiwaka anajifunika mpaka puani, kama ulivyoona kwenye picha tuliyokutumia.

Kuhusu kuja kwako, anasema magoti yanamsumbua. Tungoje kidogo.

Watoto wamefurahia vijaluba, wanalala navyo. Kaka yao, yaani mume wangu anayejiona mtoto, amepanga zana zake mfukoni kwa urefu. Jirani amevitundika vishikio ukutani, hataki kuvipaka masizi. Mimi nimepata ile kamba uliyofungia kifurushi. Nimefungia mlango wa kabati.

Wifi yako,
Mwalimu


20 Februari

Wifi,

Umejibu kila kitu isipokuwa nilichokuuliza.

Nitasema wazi ili nisikuchoshe: nina wivu. Nashona mapazia sitini ya hoteli, na juzi nimepinda pindo la juu mahali pa pindo la chini kwa sababu nilikuwa nakuona wewe umekaa na Mama barazani, unamtilia vitonge kinywani, naye anasema asante mwanangu. Pindo nimelifumua. Hiyo picha kichwani haifumuki.

Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza. Nilipokuwa na miaka tisa nilimwogesha akiwa na homa, nikampikia uji ukaungua, akaunywa wote. Wewe umemkuta ameshaiva, kazi ngumu imeshafanywa na wengine. Leo eti muuza mboga ndiye anayenieleza mama yangu anapenda kula nini.

Na hayo magoti! Akufukuzaye hakwambii toka, na asiyetaka kuja hakosi magoti. Mwambie nimemsikia.

Kopo la safari hii nimelioka mara mbili. Ukivunja kipande kinalia mpaka chumba cha pili. Tena nimetia kitu kimoja ambacho sikitaji, Mama atakijua mwenyewe. Tuone vitonge vyako vitakwenda wapi.

Na kama ni vitamu hivyo, nitumie vitatu nionje. Mbona unavificha?

Fundi


3 Machi

Wifi,

Kopo limefika salama. Mama alilipakata asubuhi nzima. Alifungua kifuniko, akanusa, akafunga, akafungua tena. Amekijua hicho kitu chako, alitabasamu. Hakunitajia.

Vitonge havisafiri, vinavunjikavunjika njiani. Nisamehe kwa hilo.

Nina ombi moja, na tafadhali lipokee kwa moyo mweupe: usivioke mara mbili. Mara moja inatosha. Hata nusu mara inatosha.

Unaniandikia kana kwamba mimi nakaa hapa nakula matunda ya mtu. Natoka shuleni saa tisa na madaftari arobaini na mawili ya kusahihisha, na kabla sijavua viatu nasikia Mama anaita, "Mkamwana, umesharudi?" Huko kuitwa ndiko unakokuonea wivu? Mimi mwenyewe sijui kama ninaitwa mimi au inaitwa mikono.

Kuhusu kuja, bado magoti.

Mwalimu


15 Machi

Kwa Mwalimu,

Sasa unanifundisha na kuoka. Mara moja inatosha, nusu mara inatosha. Bora ungesema usitume kabisa, tukajua moja.

Lakini Mungu si wa mtu mmoja. Mume wako amekuja huku kutandika vigae kwenye zahanati mpya, akafikia kwangu. Asubuhi nikafungua mkoba wake nimwekee chakula cha mchana, nikakuta vitonge vinne vimefungwa kwenye karatasi ya daftari lenye mistari. Vitonge vyako. Kumbe vinasafiri.

Nikala kimoja nimesimama. Nikala cha pili nimekaa.

Wifi, hicho kitu ambacho sikukitaja ni ganda la chungwa. Nalikausha dirishani, nyuma ya meza ya pasi, nalitwanga mwenyewe, natia kidogo sana. Ladha hiyo ningeijua hata usingizini, na ilikuwa humo. Ufuta wangu, karanga zangu, tende zangu, ganda langu. Unachukua vipande vya Mama, unavisaga kwenye kinu, unaviviringa, kisha unampelekea kwa jina lako. Na unashukuriwa. Na jirani anasifu mtaani.

Mwalimu mzima, unayewasimamisha watoto ukutani wakinakiliana! Ungekuwa mwanafunzi wako ungejipa adhabu gani?

Nimemuuliza mume wako. Akasema, "Dada, mimi ni mtu wa vigae," akaenda kazini nusu saa kabla ya wakati. Wote mnajua, mjinga ni mimi ninayekata kwa rula.

Umeninyang'anya mama yangu kwa mikono yangu mwenyewe. Huo ni wizi, sina jina jingine. Usitarajie kopo lingine.

Fundi


19 Machi

Wifi,

Ni kweli, nasaga. Nimesaga kila kopo tangu Juni.

Sababu si yangu kuisema, maana nimeapishwa. Nimemsomea Mama barua yako yote, hata pale uliponiita mwizi. Nilipomaliza, akaomba karatasi na kalamu. Mpe siku chache, mkono wake ni mzito na hataki nimsaidie.

Mwalimu


23 Machi

Mwanangu,

Barua hii nimeiandika mwenyewe, ndiyo maana mistari inapanda kilima. Mkamwana wangu hajaiona. Nimemwambia akasahihishe madaftari yake huko.

Sina meno. Haya, nimesema.

Yalianza kulegea mwaka jana. Daktari alisema ni ile sukari imeharibu fizi. Akang'oa ya mbele yote, halafu ya kushoto, halafu ya kulia. Yamebaki matatu, na hayakutani hata mawili. Ya bandia nitatengenezewa fizi zikipona na sukari ikishuka. Anasema inashuka. Vitu vyako vimesaidia.

Siku ile uliponiambia nikishindwa na ufuta wako utajua nimezeeka, nilicheka na kushika ukuta. Nilikuwa tayari nalitikisa moja kwa ulimi. Utani ulikuwa mzuri na sikukasirika, ila uliniingia. Wewe ndiye mwanangu unayenijua kwa meno yangu. Umewahadithia watu wote hizo soda. Nikaona aibu, mwanangu. Nikasema huyu asijue.

Kopo la Juni lilipofika nilijaribu kipande kimoja, nikakilamba mpaka kikalowa, nikashindwa. Nililia nimelipakata. Mkamwana akanikuta. Akachukua vipande vitatu, akaenda jikoni, nikasikia kinu. Akarudi na vitonge, kavilainisha kwa maziwa kidogo basi, hakuongeza kitu. Nikamwapisha hapo hapo asikwambie, wala mdogo wako asikwambie. Kwa hiyo vile vitonge ni vyako. Miezi yote hii nimekula mkono wako. Lile kopo ulilolioka mara mbili lilimvunjia mchi.

Shali najifunikia mdomo. Niliambiwa umefurahi kuiona kwenye picha, nikanyamaza.

Magoti yangu hayana neno. Sikuja kwa sababu ungeniwekea sahani mbele yangu na kukaa unanitazama nikila. Unapenda kutazama watu wakila ulichopika, toka utoto. Nilishindwa kukupa hilo, nikaona bora unikose kabisa.

Wivu umerithi kwangu, sikulaumu. Lakini umempiga asiye na kosa. Mwombe radhi, umwombe vizuri.

Mama yako,
Mfungua Soda


24 Machi

Wifi,

Sijui Mama ameandika nini, ila tangu amalize anaimba, kwa hiyo nadhani kiapo kimekwisha. Naweka yangu kwenye bahasha hii hii kabla hasira haijapoa. Ikipoa nitakuandikia ya adabu, na ya adabu umeshapata nyingi.

Miezi kumi, wifi. Natoka shuleni, nanawa chaki, nasaga. Mikono yangu inanuka ufuta wako mpaka wanafunzi wananiuliza kama nimefungua duka. Nampelekea Mama kisahani. Anatia kimoja kinywani, anafumba macho, anasema, "Mkono wa mwanangu." Kila siku hivyo. Mimi nimesimama mbele yake na taulo begani.

Oktoba nilijaribu vya kwangu. Ufuta nimechagua mwenyewe, tende nimetoa kokwa mwenyewe, nimekaanga kwa moto mdogo, sikuwahi kutengeneza kitu kwa uangalifu vile. Akala kimoja. Akasema, "Asante, mkamwana." Kisha akauliza kopo lako linafika lini. Nikavila vilivyobaki jikoni, peke yangu, nimekasirika, na vilikuwa vizuri.

Wewe unaona wivu kwa kitu ambacho ni chako tangu mwanzo. Mimi naona wivu kwa kitu ambacho hakitakuwa changu hata nisage mchanga. Kapime kwa rula yako, uniambie upi mrefu.

Na kila kifurushi chako kikija, nikishagawa vya wenyewe, naingiza mkono mpaka chini ya mfuko. Muuza mboga, mtu wa kupita, ana vishikio. Naona aibu kuandika hili, mtu mzima kama mimi. Lakini nimeliandika kwa wino na silifuti.

Mwalimu


2 Aprili

Wifi,

Nimeanza barua hii mara nne. Wenzangu karakanani wamedhani ni barua ya mapenzi.

Nisamehe. Nilikuita mwizi, na kumbe ulikuwa unabeba siri ya mtu pamoja na matusi yangu juu yake. Ungeweza kusema neno moja tu ukapona, na hukusema. Mimi nisingeweza. Ningeropoka tangu Februari.

Nimesoma lile la kuingiza mkono chini ya mfuko, nikaiacha cherehani ikazunguka bila kitambaa. Sitakudanganya kwamba nilisahau. Sikusahau. Kila mara nilikuwa naona kipande kinachokufaa, naweka pembeni, kisha namkumbuka Mama na wewe mmekaa barazani, nakigeuza kuwa kishikio cha mtu mwingine. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, na sasa unajua.

Kuna makopo mawili. Lenye kifuniko cheupe ni la Mama. Nimesaga mwenyewe, unga mtupu, kazi yako ni maziwa tu. Lenye utepe mwekundu ni lako. Hilo limeokwa mara mbili. Usisage, wala usimgawie mtu. Tafuna.

Chini kabisa ya mfuko, ingiza mkono. Ni mkoba wa madaftari, una mifuko miwili ndani na mikanda mipana isiyokata bega. Hicho si kipande kilichobaki. Nimekata kwenye kitambaa kizima, msimamizi akiniangalia.

Mwambie Mama meza nimeiondoa. Nimeweka viti viwili vinavyoangalia dirisha. Tutakula tukiwa bega kwa bega, tukitazama barabara, na sitageuka mpaka yeye aniambie geuka.

Fundi


10 Aprili

Wifi,

Niliingiza mkono. Sitaandika zaidi ya hapo, nisije nikaharibu wino.

Nilikaa na kopo langu barazani, nikatafuna. Mama alitoka chumbani kwa ile sauti. Akaniuliza, "Hivyo nani amekutengenezea?" Nikamwambia, "Wifi yangu." Akakaa karibu yangu, amenuna, akanisikiliza nikimaliza vipande vitatu. "Tafuna polepole," akasema, "mwingine anasikia." Nimeonewa wivu, wifi. Sikujua kwamba ni kutamu namna ile.

Anakuja Jumamosi, mume wangu atamsindikiza. Atakaa miezi mitatu. Amesema mwenyewe, magoti yamepona ghafla.

Saga mara mbili, chekecha, kisha saga tena. Maziwa yawe vuguvugu, vijiko viwili, usimimine yote kwa pamoja. Viringa viwe vidogo kuliko unavyodhani. Upande wa kushoto bado unamuuma, hatakwambia.

Nyumba itakuwa kimya saa tisa nikirudi. Nakuonea wivu, na safari hii sioni haya kukwambia.

Mwalimu


20 Aprili

Wifi,

Mama yuko hapa. Shali aliivua mwenyewe mlangoni, akaniangalia, akasema, "Haya, tazama, umalize." Nikatazama. Ni yeye, midomo tu imeingia ndani kidogo. Tukacheka, na akicheka bila meno ni mzuri kuliko alivyokuwa nayo. Nilimwambia hivyo, akanipiga na mkoba.

Leo nilimsagia kwa mara ya kwanza. Ulichoandika nilikifuata neno kwa neno, nikachekecha, nikasaga tena, maziwa vuguvugu, vijiko viwili, vidogo kuliko nilivyodhani. Tukakaa kwenye viti vyetu, tukitazama barabara. Alitia kimoja kinywani, akafumba macho. Mimi sikugeuka. Nilikuwa nangoja yale maneno uliyoniandikia, yale uliyoyasikia miezi kumi.

Akafumbua macho. Akasema, "Si vibaya. Lakini mkono wa mkamwana wangu haumo."

Niliingia jikoni kana kwamba nafuata maji. Nilisimama mbele ya kinu, nina wivu. Ufuta ni wangu, ganda ni langu, mama ni wangu. Nikasema neno hili nitalimeza. Yeye atalisahau kesho, wewe uko mbali, ungejuaje? Nilishinda nalo tangu asubuhi. Nimepasi mapazia manane nikiwa nalo.

Lakini nakumbuka ulisimama na taulo begani. Neno ni lako, wifi, ulilifanyia kazi. Nimelituma zima kama lilivyotoka, sikulisaga.

Shule ikifunga, njoo. Viti vitakuwa vitatu.

Wifi yako,
Fundi